Futa ya Ukurasa wa Tisa

Mwenyewe hakupiga chombo chochote. Si fidla, si ngoma, hata mluzi haukumtoka vizuri. Lakini kwa miaka ishirini na saba hakuna muziki uliopigwa katika ukumbi ule bila kupita kwanza mikononi mwake, maana yeye ndiye aliyekuwa mnakili. Mtunzi alileta karatasi kuu, sauti zote zimepangwa moja juu ya nyingine kama nyumba ya ghorofa, na yeye akamtolea kila mpigaji karatasi yake: wa fidla ya kwanza yake, wa fidla ya pili yake, wa viola, fidla yenye sauti nzito kidogo, yake, na wa selo, ile fidla kubwa inayosimamishwa sakafuni na kubanwa kwa magoti, yake. Aliandika kwa kalamu ya nibu na wino mweusi, nukta moja baada ya nyingine. Ndiyo maana wote pale walimwita Nukta, naye akaitika.

Chumba chake kilikuwa chini ya ngazi. Dari ilikuwa imeinama kufuata ngazi, kwa hiyo upande wa kulia aliweza kusimama na upande wa kushoto aliweza kukaa tu. Juu ya kichwa chake watu walipanda na kushuka kutwa, na kwa kuwasikiliza alikuwa amewajua wote kwa miguu yao. Mezani palikuwa na rula mbili, wembe wa kukwangulia makosa, kitambaa cha kupangusia nibu, na daftari la jalada gumu. Katika daftari hilo aliandika kila alichokitilia shaka: tarehe, ukurasa, swali, aliyeulizwa, jibu. Yalikuwapo madaftari kumi na tisa ya namna hiyo, yamepangwa rafuni kwa mwaka.

Kazi aliifundishwa na mjomba wake, mlinzi wa ukumbi zamani hizo, ambaye alinakili noti ili kuufukuza usingizi. Nukta alipomaliza sekondari akiwa hana mbele wala nyuma, mjomba alimkalisha chini akamwambia, "Mwandiko unao. Masikio si lazima." Na kweli hayakuwa lazima. Alizisoma noti kama mhasibu anavyosoma tarakimu: alijua kama zimetimia, hakujua zinaliaje. Maonyesho hakuhudhuria. Kazi ikishakabidhiwa alikwenda zake nyumbani.

Mkewe, fundi cherehani, hakuacha kumchokoza kwa hilo.

"Baba Mapacha, wewe unawaandikia watu barua za mapenzi," alisema huku akikanyaga cherehani. "Mwandiko wako, utamu wao."

"Utamu wangu uko hapa nyumbani."

"Yaani mimi?"

"Chai."

Mapacha wenyewe walikuwa wamekwisha kuolewa wakaenda mbali, nyumba imebaki na wawili hao na mashine moja inayopiga kelele.

Mwanzoni mwa mwaka huo Meneja wa ukumbi alimwita ofisini. Alikuwa mtu wa haraka, kalamu sikioni, kikombe cha chai kimepoa kando yake. Hakumzungusha. Alisema kumbi nyingine zote sasa zinatumia kompyuta ya kuchapa noti. Wakubwa wanamuuliza yeye anangoja nini.

"Nimekutetea, Nukta. Nimewaambia huyu hakosei. Sasa usinitie aibu. Likitokea kosa moja mwaka huu, moja tu, sina pa kusimama. Kompyuta inaingia na wewe unatoka."

"Nimekuelewa, Meneja."

Alirudi chini ya ngazi akanoa wembe.

Miezi sita ikapita salama. Ndipo ikaja kazi ya Mtunzi. Huyu alikuwa mama wa miaka arobaini hivi, msemaji wa kasi, mwandishi wa kasi zaidi, na noti zake zililala upande kama nyasi zilizopigwa na upepo. Safari hii alikuwa ametunga muziki wa vyombo vinne vya nyuzi uitwao Picha Tano. Kwenye jalada alieleza kwamba alikwenda kusimama mbele ya picha tano za mchoraji mmoja, na kwa kila moja ameandika kile alichokisikia. Nukta aliyasoma maelezo hayo mara mbili. Picha inasikika? Aliacha hivyo. Hiyo haikuwa nukta, haikumhusu.

Alinakili picha ya kwanza, ya pili, ya tatu. Katika picha ya nne, ukurasa wa tisa, alikuta jambo. Juu ya vipimo kumi na kimoja, yaani vile vijumba vinavyotengwa kwa mistari ya wima, Mtunzi alikuwa amechora mabano marefu kwa penseli nyekundu, na juu yake ameandika neno moja: futa.

Katika kazi ya Nukta neno hilo halikuwa na maana mbili. Watunzi hubadili mawazo, huandika futa, mnakili hufuta. Ila huyu alikuwa amemzoea. Kwa kawaida alipofuta alipiga mistari iliyokatana kama mkasi, kwa hasira, hadi karatasi ikachanika. Hapa noti zilikuwa safi. Nukta aliweka kalamu chini. Alimpigia Mtunzi simu: haipatikani. Akajaribu tena kesho yake asubuhi, na keshokutwa yake. Mtunzi alikuwa safarini na angerudi siku moja tu kabla ya onyesho. Basi akapanda ngazi kwa Meneja na karatasi mkononi.

Meneja alikuwa kwenye simu nyingine. Alifunika simu kwa kiganja. "Nini?"

"Ukurasa wa tisa. Ameandika futa, lakini hakukata."

"Futa ni futa, Nukta. Ulisoma shule au uliipita nje?"

Nukta akashuka. Akaandika katika daftari kila kitu kama kilivyokuwa. Kisha akaruka vile vipimo kumi na kimoja katika karatasi zote nne, akaunganisha cha arobaini na cha hamsini na mbili, akabadili hesabu za pembeni, na mshono haukuonekana. Siku ya tisa akakabidhi.

Wapigaji wanne walifanya mazoezi wiki mbili. Ijumaa, siku mbili kabla ya onyesho, zikaletwa picha zenyewe, maana zilikuwa zitundikwe kwenye ukumbi wa kuingilia ili watu wazione kabla ya kusikiliza. Meneja alitaka kila picha iwe na kadi yake ukutani, na kwa mwandiko mzuri hakuna aliyeulizwa ila mmoja. Saa tatu asubuhi Nukta alikuwa amekaa kwenye kiti cha mlinzi, ubao magotini, kadi tano nyeupe, kalamu tayari.

Mchoraji alikuwa mwanamke wa makamo yaliyokwisha kupita, mfupi, miwani imening'inia kwa kamba, rangi imemkaa kwenye kucha kiasi kwamba maji hayaiwezi tena. Alimtajia maneno polepole, kadi baada ya kadi. Jina la picha, mwaka, rangi ya mafuta juu ya turubai. Walipofika ya nne akasema:

"Dada Mezani. Rangi ya mafuta juu ya turubai, imefutwa."

Nukta akaandika mpaka turubai, akasimamisha kalamu. "Samahani, mama. Ya mafuta, nimeandika. Hilo la pili ni mafuta tena?"

"Siyo mafuta. Imefutwa."

"Picha imefutwa?"

"Ndiyo."

"Lakini naiona hii hapa."

Mchoraji akacheka, akamvuta kwa mkono wa shati kama mtu anayemjua siku nyingi. "Njoo. Kadi haitakimbia."

Picha ilikuwa ya meza, dirisha, na mtu. Meza ilikuwa kamili, hata ufa wake. Mtu hakuwa kamili. Palikuwa na bega, na mkono ulioshika kisu kidogo, na pale penye uso na kifua palikuwa na ukungu wa rangi iliyosuguliwa hadi nyuzi za turubai zikaonekana. Lakini alikuwa mtu. Ungeweza kusema anaangalia wapi.

"Huyu dada yangu," Mchoraji alisema. "Baada ya kumzika nilimchora mara saba. Kila mara anatoka anafanana na mtu mwingine, mara na mimi, mara na jirani. Siku ya saba nikapandwa na hasira, nikachukua kitambaa nikafuta. Nilipoondoa mkono ndiyo nikamwona. Ni yeye kabisa. Nikaacha hapo hapo." Akapangusa miwani yake. "Yule mtunzi wenu alisimama mbele ya hii saa nzima. Akaniuliza, hapa ulifanya nini? Nikamjibu, nilifuta. Akasema, basi na mimi nitafuta. Nimekuja kwa ajili ya hiyo moja tu, baba. Hizo nne nyingine nitazisikiliza kwa adabu."

Nukta alimaliza kadi ya nne na ya tano, akaaga, akaenda chini ya ngazi. Akafungua karatasi kuu ukurasa wa tisa.

Sasa alizitazama noti zenyewe. Zilikuwa ndefu, zimepandana, kila moja inaanza kabla nyingine haijaisha. Penseli nyekundu haikuwa imezigusa hata moja. Mtunzi alikuwa akiwaambia wapigaji namna ya kuuvuta upinde juu ya nyuzi: wafute. Wapitishe kama kitambaa. Naye Nukta alikuwa amemwondoa dada wa watu mezani, bega, mkono, kisu na vyote.

Saa tano mazoezi yakaanza juu. Nukta alipanda akasimama nje ya mlango, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alifuata kwa kidole kwenye karatasi. Picha ya nne ilianza chini kabisa, kwenye selo, ikapanda, ikafika kipimo cha arobaini, na pale pale ikarukia hamsini na mbili kama mtu aliyekosa kidato cha ngazi. Ndani wakasimama.

"Hapa tunaporuka ndipo napapenda," alisema mpigaji wa fidla ya kwanza, mtu mwembamba wa tai, waliyemwita Bwana Kwanza. "Ni ujasiri mkubwa wa utunzi."

"Ujasiri au njaa," alijibu mpigaji wa selo, mama mnene ambaye wote walimwita Shangazi. "Mimi kila tukifika hapo nahisi nimenyang'anywa sahani."

Nukta alirudi kukaa. Alilipima jambo jinsi alivyopima kila kitu, pole pole na pande zote. Mtunzi angefika kesho mchana. Akinyamaza hadi wakati huo, Mtunzi angesikia, angeshtuka, na yeye angemwonyesha neno lake mwenyewe kwa penseli nyekundu. Nani angemlaumu mnakili kwa kutii? Kosa lingekuwa la neno, na kompyuta isingeingia. Lakini kesho mchana hapangekuwa na muda wa kuandika karatasi nne na wapigaji kuzifanyia mazoezi. Jumapili saa kumi alasiri picha ya nne ingepigwa ikiwa na shimo, na mwanamke yule mwenye rangi kuchani angekaa safu ya mbele akimngoja dada yake apite. Akisema leo, vipimo vingerudi. Ila akisema leo, hakuna wa kutajwa isipokuwa yeye.

Alikaa hivyo kama robo saa. Juu ya kichwa chake Meneja alipanda ngazi, hatua mbili mbili kama kawaida yake. Nukta akachukua karatasi kuu na daftari, akamfuata.

"Nimekosea," alisema akiwa mlangoni. "Picha ya nne. Nimeondoa vipimo kumi na kimoja vilivyotakiwa kuwemo."

Meneja alitoa kalamu sikioni taratibu. "Rudia."

Akarudia. Akaeleza habari ya kitambaa na ya dada. Meneja alisikiliza huku uso ukibadilika rangi.

"Kumi na kimoja! Hukukosea nukta, hukukosea mstari, ukaamua kunipiga kumi na kimoja kwa mpigo! Na nilikuambia nini?"

"Uliniambia moja tu."

"Sasa nifanyeje mimi? Si lazima niliandike?"

"Liandike. Au niandike mwenyewe, mwandiko wako wakubwa hawausomi."

Haukuwa mzaha, ndivyo mambo yalivyokuwa. Meneja alimsukumia kitabu cha taarifa. Nukta alikaa, akafungua daftari lake pembeni ili apate tarehe sahihi, akaanza kuandika kosa lake kwa herufi zilizonyooka: siku, kazi, ukurasa, vipimo kutoka cha arobaini na moja hadi cha hamsini na moja, sababu: mnakili alielewa vibaya agizo la mtunzi.

Meneja alikuwa amesimama nyuma yake akisoma. Macho yake yakahama kutoka kitabu cha taarifa kwenda kwenye daftari. Humo, chini ya tarehe ile ile, palikuwa pameandikwa: Uk. 9, futa, lakini hakukata. Mtunzi hapatikani (mara tatu). Nimemuuliza Meneja. Jibu: futa ni futa.

Meneja aliweka kidole juu ya mstari ule.

"Mbona hili hukulisema?" Meneja aliuliza.

"Lipi?"

"Nukta, usinifanye mtoto."

"Swali lilikuwa langu. Anayejua maana ya karatasi ile anapaswa kuwa mimi, si wewe."

Meneja alikwenda dirishani, akarudi, akanywa ile chai iliyopoa akakunja uso. Kisha akauvuta ukurasa wa kitabu cha taarifa, akauchana, akaukunja mara nne na kuutia mfukoni.

"Vipimo hivyo vinataka muda gani?"

"Hadi saa tisa, nikipata meza ndefu na mwanga."

"Sasa unangoja nini hapa? Toka!"

Meza ndefu aliijua moja tu. Alivuka barabara mbili karibu na kukimbia, akamkuta mkewe anakata nguo ya shule juu ya meza yake kubwa kando ya dirisha.

"Nani amekufa?" mkewe aliuliza alipomwona anahema.

"Hakuna. Yaani, yupo, lakini zamani. Mama Mapacha, nipishe meza."

Alimweleza huku akifungua wino. Mkewe alisukuma nguo pembeni, akachukua ule mkasi mkubwa ambao hakuruhusu uguse karatasi tangu siku ya ndoa yao, akakata vipande vinne vilivyonyooka kuliko rula. Wakakubaliana namna: kila kipande kibandikwe ukingoni kwa gundi, kikunjuke kama ukosi, mpigaji akifika kipimo cha arobaini akifungue, asome, akifunge, aendelee. Nukta aliandika. Mkewe alipepea wino kwa kipande cha kadibodi na kuweka pasi baridi juu ya gundi ili ishike.

"Hapa juu huandiki kitu?" aliuliza, akionyesha mahali pa mabano.

"Neno lake. Futa."

"Halafu wao nao wafute? Mtarudi kule kule."

Nukta aliinua nibu. Kwa miaka ishirini na saba hakuwahi kuongeza neno ambalo halikuwemo katika karatasi kuu. Alitafakari sura ya picha ile, rangi iliyosuguliwa na mtu aliyebaki. Akaandika, mara nne, kwa herufi ndogo: futa, kama kwa kitambaa, doa libaki.

Saa tisa na robo vipande vilikuwa mbele ya wapigaji. Bwana Kwanza alikikunjua chake, akasoma, akajikohoza. Hakusema lolote juu ya ujasiri.

"Kumbe sahani ilikuwepo!" Shangazi alipaza sauti. "Nukta, ulitubania wiki mbili nzima!"

"Nisameheni."

"Kaa kwanza tuone kama imepoa."

Walihangaika na kile kipande. Mara upinde ulikwaruza, mara sauti zilikatika kabla ya kufutana. Hadi jioni walikuwa wamekipitia mara ishirini na mbili. Nukta alihesabu, kwa sababu hakuondoka.

Jumamosi mchana Mtunzi alifika na begi lake begani, akasikiliza zote tano bila kukaa. Mwisho akachukua karatasi ya selo na kukikunjua kile kipande.

"Haya maneno ya mwisho ni ya nani?"

"Yangu," Nukta alisema kutoka mlangoni. "Niliongeza. Na kabla ya hapo nilipunguza. Meneja atakueleza."

"Ameshanieleza, kwenye simu, leo asubuhi nilipopatikana, na alipiga kelele sana, sikuelewa anamgombeza nani." Alitazama tena maandishi. Kisha akatoa penseli nyekundu mfukoni, akaweka karatasi kuu gotini, na chini ya neno lake mwenyewe akanakili, polepole kuliko alivyowahi kuandika kitu chochote: kama kwa kitambaa, doa libaki. Herufi mbili alizikosea. Akamwomba Nukta wembe.

Jumapili saa kumi kasorobo Nukta alikaa safu ya saba na mkewe, amevaa koti la harusi za mapacha. Kuhusu kompyuta Meneja hakuwa amesema ndiyo wala hapana. Alikuwa amesema tu kwamba mwaka haujaisha na kwamba asimwone tena akipanda ngazi na karatasi mkononi wakati yuko kwenye simu, angoje amalize. Safu ya mbele Mchoraji alikuwa amekaa wima, miwani mkononi.

Picha tatu zikapita. Mkewe Nukta alipiga miayo mara moja, kwa heshima. Ya nne ikaanza kwenye selo, ikapanda, na Nukta akawa anahesabu kwa vidole juu ya goti. Thelathini na nane. Thelathini na tisa. Arobaini. Jukwaani mikono minne ikakunjua vipande vinne kwa pamoja, na mlio mdogo wa karatasi ukasikika.

Sauti iliyofuata hakuwa ameijua, ingawa kila nukta yake ameiandika kwa mkono wake. Ilikuwa nyepesi, inapita na kurudi, kama mtu anayepangusa meza katika chumba cha pili. Kila ilipopita iliondoa kitu, na kila ilipoondoa kitu kilichobaki kilionekana zaidi. Safu ya mbele Mchoraji alikuwa amevaa miwani, kana kwamba pale palikuwa na cha kutazama. Mkono wake wa kulia ulikuwa ukienda polepole juu ya goti lake, kwenda na kurudi.

Mkewe alimwegemea Nukta sikioni.

"Hapa ndipo ulipotaka kutuibia?"

"Ndipo."

"Mwizi mkubwa wewe," akanong'ona, akamshika vidole vyake vyenye wino, kwa hiyo hesabu ikampotea, na hakujua tena wako kipimo cha ngapi.